Chama cha Ngazi: Waislamu wa Malabar na Siasa za Kerala

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, mahali ambapo Bahari ya Arabuni inapiga pwani yenye minazi mingi, lipo jimbo liitwalo Kerala. Siku ya uchaguzi mpiga kura wa huko hukuta alama za vyama mbalimbali, na moja katika alama hizo ni ngazi. Ngazi hiyo ni ya Indian Union Muslim League, chama cha Waislamu, ambacho watu wa Kerala hukiita League tu bila ya kuongeza neno.

Chama hiki ni kidogo. Bunge la Kerala lina viti 140, wala League haijapata hata mara moja kufikia robo yake. Hata hivyo, kati ya mwaka 1967 na mwaka 2021 kilikaa serikalini zaidi ya nusu ya muda wote, kikashika Wizara ya Elimu mara nyingi, na mtu wake mmoja akapata kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo. Jinsi watu wachache walivyoweza kupata nafasi kubwa namna hiyo, na thamani waliyoilipa kwa kuipata, ni jambo linalostahili kuangaliwa kwa utulivu na kila mtu anayeishi katika nchi yenye makabila na dini nyingi.

Kerala si nchi ngeni kabisa kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alipofika Malindi, alipewa rubani aliyeijua njia, naye akamvusha bahari mpaka Calicut, mji mkuu wa biashara katika nchi ya Malabar, ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Kerala. Safari hiyo majahazi yalikuwa yakiifanya karne nyingi kabla ya Mreno kuzaliwa. Kwa njia hiyo hiyo ya pepo za kaskazi na kusi masharifu wa Hadhramaut walitawanyika, wengine wakashuka Lamu na Mombasa, wengine wakashuka Malabar. Kule Malabar sharifu huitwa Thangal, na msomaji aliliweke jina hilo moyoni maana litarudi mbele.

Waislamu wa Malabar huitwa Wamapila. Waliokaa mijini walikuwa wafanya biashara ya pilipili manga na mbao. Waliokaa bara walikuwa wakulima wa mpunga, nazi na popoo. Lakini wakulima hao hawakuwa na ardhi. Mashamba yalikuwa mali ya mabwana wa tabaka la juu la Kihindu, na mkulima aliweza kufukuzwa wakati wowote bwana wake apendapo. Kutokana na dhiki hiyo, ikichanganyika na ghadhabu juu ya Serikali ya Kiingereza, uliwaka moto wa maasi mwezi Agosti 1921. Wamapila wengi waliuawa, na Wahindu wengi waliuawa pia na waasi, jambo lililoacha uchungu kati ya majirani kwa miaka mingi. Mwezi Novemba mwaka huo mahabusi walifungiwa ndani ya behewa la mizigo la gari la moshi lisilo na hewa, na zaidi ya watu 60 wakakata roho njiani. Wengine walipelekwa uhamishoni katika visiwa vya Andaman. Baada ya hapo Mmapila aliogopwa na wakubwa, naye akaogopa kila kitu chenye harufu ya serikali, na shule ikiwemo.

Khofu hiyo ya shule ilikuwa na mizizi ya zamani. Wamapila walikuwa na maandishi yao wenyewe: waliandika lugha yao ya Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili. Mtu aliweza kuwa mwenye elimu kabisa katika chuo cha Kurani, na bado akahesabiwa na karani wa wilaya kuwa hajui kusoma. Watu wa Pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya jambo hili.

Mwezi Agosti 1947 Waingereza waliondoka, na Bara Hindi likagawanyika kuwa nchi mbili, India na Pakistan. Chama cha Muslim League, kilichoidai Pakistan, kiliipata. Lakini mamilioni ya Waislamu walibaki India, na Wamapila wa Malabar walikuwa mbali kabisa na mpaka wowote wa Pakistan. Wafanye nini? Wenzao wa Kihindu waliwatazama kwa jicho la shaka, kama watu ambao ndugu zao wamekwisha kuvunja nyumba na kuchukua mlango. Mwezi Desemba 1947 baraza kuu la League lilikutana Karachi kwa mara ya mwisho na kuamua kuwa chama kigawanywe sawa na nchi ilivyogawanywa. Kazi ya kuwakusanya wanachama waliobaki India alipewa Bwana Muhammad Ismail wa Madras, mfanya biashara ya ngozi, mtu mpole wa maneno.

Tarehe 10 Machi 1948 Bwana Ismail aliwaita wajumbe Madras. Wengi katika viongozi wa sehemu za kaskazini walitaka chama kivunjwe siku ile ile. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba jina lenyewe limekuwa sumu. Kwamba Mwislamu akiingia vyama vya watu wote atasalimika, na akijitenga katika chama chake atazidi kushukiwa. Wenzao wa kusini walijibu kwamba mtu mchache akiingia nyumba ya wengi bila ya kuwa na chake, atakalishwa mlangoni na kutumwa maji. Kura zikapigwa, na upande wa kusini ukashinda. Chama kikabaki, ila kikaongezewa maneno mawili, “Indian Union”, ili kila mtu ajue kimesimama nchi gani.

Katika Bunge la kutunga Katiba ya India, Bwana Ismail aliomba Waislamu wawe na daftari lao la wapiga kura, kama ilivyokuwa wakati wa Waingereza. Alishindwa vibaya. Hata viti vilivyokusudiwa kuwekewa wachache wa dini vilifutwa mwaka 1949. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa: kushindwa huko, pengine, ndiko kulikokijenga chama chake. Kama Mwislamu angekuwa na daftari lake na viti vyake, asingekuwa na haja ya kura ya jirani yake, wala jirani asingekuwa na haja ya kura yake. Sasa ilimlazimu kila mmoja kubisha hodi kwa mwenzake.

Msomaji wa Mombasa au Malindi atakumbuka habari za Mwambao, wakati ukanda wa maili kumi ulipojadiliwa na wengine wakataka usiunganishwe na Kenya, mpaka mapatano ya Oktoba 1963 yakalimaliza jambo hilo. Atakumbuka pia kwamba Islamic Party of Kenya kilipotaka kuandikishwa mwaka 1992 kilikataliwa, na Katiba ya Kenya ya 2010 hairuhusu chama kujengwa juu ya dini. League ya Malabar ilishika njia ya tatu. Baada ya 1948 haikudai kujitenga, wala haikukubali kuvunjwa. Ilidai kuwa mshirika.

Ushirika wenyewe haukuja upesi. Katika Bunge la kwanza la India, lililochaguliwa 1952, League ilikuwa na mtu mmoja tu, Bwana B. Pocker, kutoka Malappuram. Inasimuliwa mpaka leo Calicut kwamba Waziri Mkuu Nehru aliiita League farasi aliyekufa, naye kijana mmoja wa chama akajibu kwamba si farasi mfu bali ni simba aliyelala. Kijana huyo alikuwa C. H. Mohammed Koya, mwandishi katika gazeti la chama liitwalo Chandrika, lililoanzishwa 1934.

Bwana Koya alizaliwa 1927 katika kijiji cha Atholi karibu na Calicut. Hakuwa tajiri, wala hakuwa sharifu. Alikuwa na kalamu na ulimi, na mikutano yake ilijaa watu mpaka usiku wa manane. Mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya jimbo la Kerala kuundwa, alichaguliwa kuingia Bunge la jimbo. Uchaguzi huo ulishindwa na Wakomunisti chini ya Bwana E. M. S. Namboodiripad, na mwezi Julai 1959 Serikali ya Delhi ikawaondoa baada ya ghasia kubwa juu ya mambo ya shule na ardhi. Katika uchaguzi wa 1960, chama cha Congress, ambacho kilikuwa hakitaki hata kusikia jina la League, kiliona kuwa hakiwezi kuwashinda Wakomunisti peke yake. Kikaomba msaada. League ikasaidia, ikapata viti 11, na Wakomunisti wakashindwa.

Wakati wa kugawana vyeo ulipofika, Congress ilisema kuwa haiwezi kukaa na League katika Baraza la Mawaziri. Watu wa Delhi watasemaje? Ikatoa kiti cha Spika, akawekwa Bwana K. M. Seethi Sahib, mzee mwanasheria aliyeheshimiwa na pande zote. Alipofariki mwezi Aprili 1961, Bwana Koya alichaguliwa badala yake. Lakini Congress ilitoa sharti: kwanza ajiuzulu uanachama wa League. Yaani kura za League zilikuwa halali usiku wa uchaguzi, ila jina lake lilikuwa haramu mchana wa kuapishwa. Bwana Koya alikubali, akakaa katika kiti kile akiwa na umri wa miaka 34. Miezi michache baadaye ushirika ulivunjika, naye akaondoka. Watu wa Malabar hawakulisahau jambo hilo. Viongozi wa Congress walisahau upesi, na ndiyo sababu walishtuka sana mwaka 1967.

Mwaka huo League ilikwenda kwa wale wale Wakomunisti iliyosaidia kuwaangusha. Vyama saba viliungana chini ya Bwana Namboodiripad, vikashinda, na League ikapata viti 14. Safari hii hapakuwa na maneno ya kiti cha Spika. League ilipata mawaziri wawili, na Bwana Koya akapewa Elimu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa India kwa chama hicho kukaa katika serikali. Wapo waliouliza inakuwaje watu wa msikiti washirikiane na watu wasiomwamini Mungu. League haikujisumbua sana kujibu. Ilitazama wizara.

Mambo mawili yalitoka katika ushirika huo ambayo hata adui wa League hawezi kuyakana. La kwanza ni Chuo Kikuu cha Calicut, kilichoanzishwa 1968 ili watoto wa Malabar wasilazimike kwenda kusini kabisa kutafuta shahada. La pili ni wilaya ya Malappuram, iliyoundwa tarehe 16 Juni 1969 kwa kuunganisha sehemu zilizokuwa nyuma kuliko zote, nchi ile ile ya maasi ya 1921, ambako Wamapila ni wengi. Makelele yalikuwa makubwa. Magazeti na vyama fulani vilisema kwamba Pakistan ndogo inazaliwa kando ya bahari, na kwamba manowari za adui zitapata bandari. Hakuna manowari iliyokuja. Kilichokuja ni ofisi ya wilaya, barabara, hospitali na shule.

Kisha tarehe 1 Januari 1970 sheria ya ardhi ya Kerala ilianza kutumika kwa ukamilifu, na mkulima mpangaji akawa mwenye shamba alilolima. Sifa ya sheria hiyo ni ya Wakomunisti zaidi kuliko ya League, na haki itendeke. Lakini League ilikuwamo katika serikali iliyoitekeleza, na Wamapila ambao babu zao walifukuzwa mashambani walipata hati mikononi.

Katika elimu Bwana Koya alitumia akili ya mtu anayewajua watu wake. Hakuwatukana wazee kwa kukipenda chuo cha Kurani. Aliwaweka walimu wa Kiarabu katika shule za serikali, wakilipwa mshahara wa serikali, hata mzazi aliyeogopa kwamba shule itampotosha mwanawe akamwona humo mwalimu anayemwamini. Watoto wa kike wa Kiislamu walipewa fedha za masomo. Chuo cha Kurani chenyewe kikafanywa asubuhi na mapema, kabla ya kengele ya shule, na mtoto akapata vyote viwili. Katika hesabu ya watu ya 2011, wilaya ya Malappuram ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4, na kati ya kila watu 100 wenye miaka saba na zaidi, 93 walijua kusoma. Wilaya nyingi za India zilizokuwa tajiri kuliko Malappuram hazikufika hapo.

Tarehe 12 Oktoba 1979, serikali nyingine ilipoanguka, Bwana Koya aliapishwa kuwa Waziri Kiongozi wa Kerala. Serikali yake haikudumu hata miezi miwili. Ilianguka mwanzoni mwa Desemba. Lakini mtu aliyewahi kulazimishwa kuacha jina la chama chake ili awe Spika alikuwa sasa amekalia kiti cha juu kabisa kwa jina hilo hilo. Alifariki mwezi Septemba 1983 akiwa Naibu wa Waziri Kiongozi.

Isidhaniwe kuwa yote yalikuwa mazungumzo ya vyumbani. Mwaka 1980 League ilikuwa nje ya serikali, na serikali ya mrengo wa kushoto ilitoa amri ambazo walimu wa Kiarabu waliona zitawaondoa kidogo kidogo shuleni. Tarehe 30 Julai vijana wa League waliandamana Malappuram, polisi wakapiga risasi, na vijana watatu wakafa. Serikali ikaziondoa amri zile. Chama huwakumbuka vijana hao kila mwaka.

Sasa turudi kwa masharifu. Tangu miaka ya 1970 uongozi wa League katika Kerala umekuwa katika nyumba moja, nyumba ya Thangal wa Panakkad, kijiji kilicho karibu na mji wa Malappuram. Sayyid Muhammadali Shihab Thangal, aliyesoma Misri, alikuwa rais wa chama katika jimbo kutoka 1975 mpaka alipofariki tarehe 1 Agosti 2009. Hakugombea kiti cha ubunge wala kuwa waziri. Alikaa barazani kwake, watu wakamjia na mambo yao: huyu ana ugomvi wa mpaka, yule ana mgonjwa, mwingine anataka tiketi ya uchaguzi. Waislamu, Wahindu na Wakristo walikaa katika foleni moja. Mtu aliyezoea vyama vyenye katiba na kura za ndani atasema kwamba hiyo si siasa ya kisasa, na kweli pana hatari wakati neno la mtu mmoja linapokuwa ndiyo mwisho wa shauri. Lakini ilikuja siku ambayo neno la mtu mmoja lilihitajika.

Siku hiyo ni tarehe 6 Desemba 1992. Katika mji wa Ayodhya, kaskazini mbali sana na Kerala, umati wa watu ulipanda juu ya msikiti wa Babri na kuubomoa mpaka chini mchana kweupe. Serikali ya India ilikuwa mikononi mwa Congress chini ya Waziri Mkuu Narasimha Rao, nayo haikuuzuia ubomoaji ule. Miji mingi iliingia katika mauaji. Bombay iliwaka moto mwezi huo na mwezi uliofuata. Na wakati huo huo, katika Kerala, League ilikuwa serikalini pamoja na Congress hiyo hiyo.

Hebu fikiri hali ya mwanachama wa kawaida wa Tirur au Manjeri usiku ule. Msikiti umevunjwa. Chama kilichoshindwa kuulinda ndicho mshirika wa chama chake. Mawaziri wa chama chake wanaendelea kupanda magari ya serikali. Bwana Ebrahim Sulaiman Sait, rais wa League kwa India nzima, mtu aliyekaa Bunge la Delhi miaka mingi, alisema kwamba heshima haiuzwi kwa uwaziri, na kwamba League ikate ushirika na Congress. Shihab Thangal alishika upande mwingine. Aliwataka watu wake watulie, wasiguse mali wala hekalu la jirani, na chama kisiondoke serikalini.

Hoja ya Sait ilikuwa nzito, wala si haki kumfanya mtu wa fujo kwa sababu aliisema. Chama kilichoanzishwa ili kulinda heshima ya wachache kitasema nini kikibaki kimya siku heshima hiyo inapovunjwa? Lakini hoja ya Thangal nayo ilikuwa na uzito wa namna nyingine. Kama League ingetoka, serikali ya jimbo ingeyumba, vijana wangemiminika barabarani, na wale waliokuwa wakingoja ghasia wangezipata. Katika Malappuram Wamapila ni wengi, lakini Malappuram ni wilaya moja tu. Mwenye kisasi huko angelipiwa na Mwislamu wa mahali ambako Waislamu ni watano kwa mia.

Kerala haikuwaka kama Bombay. Hilo ni jambo la kuonekana kwa macho, nalo ni kubwa. Lakini chama kilipasuka. Mwezi Aprili 1994 Sait alitoka na kuanzisha Indian National League, akaelekea upande wa Wakomunisti. Wakomunisti walizipokea kura zake kwa furaha, ila hawakumpa mlango wa kuingilia. Chama chake kilisimama uani tangu 1994 mpaka Desemba 2018 ndipo kikakubaliwa rasmi katika muungano wa mrengo wa kushoto, na waziri wake wa kwanza aliapishwa 2021. Sait mwenyewe alikuwa amefariki 2005. Yule aliyechagua heshima alilipa kwa miaka 24 ya kungoja. Wale waliochagua kiti waliendelea kusikia, kila uchaguzi, swali la siku ile. Mwaka 2004 League ilinyang'anywa hata kiti cha Manjeri katika Bunge la Delhi, mahali ambapo hapo nyuma palidhaniwa kuwa ni pake milele. Kashfa na majivuno ya viongozi vilichangia, lakini kumbukumbu ya 1992 nayo ilikuwamo.

Ili msomaji aone jinsi mizani hii inavyofanya kazi, na atazame uchaguzi wa 2011. Muungano wa Congress ulipata viti 72, na muungano wa mrengo wa kushoto viti 68. Katika hivyo 72, viti vya Congress vilikuwa 38 na vya League 20. Viondoe vile 20, na hakuna serikali. Mwaka uliofuata League ilidai waziri wa tano, nayo ikampata mwezi Aprili 2012. Ilikuwa haki yake kwa hesabu, lakini kwa busara lilikuwa kosa. Vyama vya Wahindu vilipiga kelele kwamba jimbo limeuzwa kwa wachache, na Wahindu wengi wasiokuwa na chuki walianza kusikiliza maneno hayo. Uchaguzi wa 2016 muungano ulishindwa, na League ikapata viti 18. Mwaka 2021 ukashindwa tena, ikapata 15. Mchache anapobeba mizani yampasa ajue pia mkono unaotazamwa ni wa nani.

Nguvu nyingine ya chama iko nje ya Kerala kabisa. Tangu bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, vijana wa Malabar walivuka bahari kwenda kufanya kazi Dubai, Doha, Muscat na Jeddah, na kwa fedha zao mahali palipokuwa na nyumba za makuti pakasimama nyumba za saruji. Wafuasi wa League huko wana chama chao cha kusaidiana, KMCC, ambacho husafirisha maiti, hulipia wagonjwa na kujenga nyumba za maskini. Kijana aliyepotelewa na kazi huko Ghuba humwendea mtu wa KMCC kabla ya kwenda kwa balozi. Mwaka 2004 Bwana E. Ahamed wa League alipofanywa Waziri Mdogo wa Mambo ya Nje katika Serikali ya Delhi, mtu wa kwanza wa chama hicho kuingia serikali kuu, watu wa Ghuba ndio waliofurahi kuliko wote.

Liko deni moja ambalo chama kilichelewa mno kulilipa. Wasichana waliosomeshwa kwa mpango wa Bwana Koya wamekua, wakazaa mabinti, na mabinti hao wamejaa Chuo Kikuu cha Calicut. Katika mabaraza ya vijiji, ambako sheria ya Kerala inawawekea wanawake nusu ya viti, wanawake wa League wamechaguliwa kwa wingi na kuongoza vizuri. Lakini kwa Bunge la jimbo League ilimsimamisha mwanamke 1996 mjini Calicut, akashindwa, kisha haikumsimamisha mwingine kwa miaka 25. Mwaka 2021 ilimsimamisha mwanasheria mwanamke katika mji huo huo, naye akashindwa. Hapakuwa hata mara moja, mpaka uchaguzi huo, na mwanamke aliyeingia Bunge la Kerala kwa alama ya ngazi.

Miezi michache baadaye wanafunzi wa kike wa chama, katika kikundi chao kiitwacho Haritha, walilalamika kwamba viongozi wa wanafunzi wa kiume wamewasema vibaya mkutanoni. Walipoona wakubwa wanakawia, walipeleka mashtaka kwa Tume ya Wanawake ya jimbo. Wakubwa waliwataka wayaondoe. Wakakataa. Mwezi Septemba 2021 chama kiliivunja kamati yao na kuweka nyingine. Wasichana wale hawakunyamaza. Waliwaita waandishi wa magazeti, wakasema kwamba hawakitoki chama.